Amekufa mara 23, mbona msomaji halii?

Msomaji anayeandika riwaya yake ya kwanza ameniuliza hivi. Mhusika wake mkuu, Salma, anaamka kila mara kwenye Jumanne ileile. Saa 10 jioni ya kila Jumanne hiyo mdogo wake, Yusufu, anagongwa na lori na kufa. Salma peke yake ndiye anayekumbuka kwamba siku imekwisha kupita. Wengine wote wanaianza upya. Mswada umefika Jumanne ya 23 na Yusufu bado hajaokoka. Waliousoma ni wawili. Mmoja amerudisha ukurasa mzima wa matundu ya mantiki: mbona hivi, kwa nini vile. Mwingine hakuona tundu hata moja, ila amesema: "Mara ya kwanza nililia. Kufika mara ya tano nilikuwa naruka kurasa nione kama kuna jipya." Swali lenyewe: nianze kuziba matundu ya ploti, au nianze kurudisha machozi?

Ndugu yangu, wasomaji wako wameona tundu moja. Mmoja amelichungulia, mwingine ametumbukia ndani yake.

Tuanze na aliyetumbukia. Alilia mara ya kwanza kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki. Kila mtu anafungua kitabu akiwa na sheria hiyo kichwani, hahitaji kufundishwa. Lakini ukurasa unaofuata simu ya Salma inalia, ni Yusufu, mzima, anauliza kama dada amekwisha kuamka. Hapo wewe mwandishi umetangaza kwamba kwenye riwaya hii maji yanazoleka. Yanazoleka kila alfajiri, yote, bila malipo. Mara ya pili msomaji bado ana wasiwasi, huenda sheria ikageuka. Mara ya tatu anaanza kuzoea. Kufika ya tano amekwisha kupiga hesabu: kifo cha saa 10 jioni kitafutwa kabla ya saa 12 asubuhi, sasa nilie nini? Usimwone ana moyo mgumu. Ameifuata mantiki yako kwa uaminifu kuliko Salma mwenyewe, ambaye bado unamwangusha chini apige kelele zilezile za siku ya kwanza.

Ndiyo maana siwezi kukuambia uanze na kimoja. Kwenye hadithi ya siku inayojirudia, swali la mantiki ni: nini kinarudi pale kilipokuwa? Swali la hisia ni: nini hakirudi? Ni daftari moja lenye kurasa mbili zinazotazamana. Kifo cha Yusufu kwa sasa kimeandikwa kwenye ukurasa wa vinavyorudi, na ukikiacha hapo unaweza kukipigia ngoma mara mia, hakitamtoa mtu chozi. Lazima utafute, ndani ya dunia ambayo maji yanazoleka, yale machache yasiyozoleka, kisha uzito wote uuhamishie huko.

Mwandishi Ken Grimwood alilijua hili alipoandika riwaya ya Replay mwaka 1986. Mtu anakufa kwa mshtuko wa moyo mwaka 1988 akiwa na miaka 43, anazinduka mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 18, na kumbukumbu zake zote anazo. Mwanzoni ni raha tupu: anajua farasi yupi atashinda, anajua kampuni zipi zitapanda. Kisha katika maisha hayo ya marudio anapata binti, anampenda kuliko chochote, na mwaka 1988 unapofika anakufa tena na kuzinduka tena kijana. Huyo binti hakufa. Hakuwahi kuzaliwa. Hana kaburi, hana picha, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumwambia baba yake pole. Hayo ndiyo maji yasiyozoleka, na tazama yalikotoka: yametoka ndani ya sheria ileile iliyompa utajiri. Hakuna kifaa kipya kilicholetwa kutoka nje ili kumliza msomaji. Tena Grimwood akaongeza jambo la pili, kwamba kila akirudi anarudi akiwa amechelewa kidogo kuliko mara iliyopita, hivyo maisha ya marudio yanazidi kufupika. Hata marudio yenyewe ni akiba inayoliwa.

Sasa tufungue daftari la Salma. Kitu gani kinavuka naye kutoka Jumanne hadi Jumanne? Umeandika kumbukumbu tu. Sawa. Ukitaka ubishi, kumbukumbu iko kwenye ubongo, ubongo ni mwili, na mwili unarudi, kwa hiyo kumbukumbu nayo ingerudi. Huo ni uongo ambao hadithi zote za aina hii zinaomba, na wasomaji wamezoea kuutoa bila manung'uniko. Wanautoa mmoja. Ukiomba wa pili wanaanza kukutazama usoni. Nawe umeomba wa pili: sura ya 9 Salma anaungua mkono, ni Jumanne ya 11, na sura ya 12, siku tatu mbele kwa hesabu yake, bado analigusa kovu.

Msomaji wako wa kwanza ameliwekea alama hilo na ana haki. Kovu likivuka, jeraha linavuka; jeraha likivuka, uchovu na njaa vinavuka; na siku Salma akivunjika mguu hadithi nzima inageuka kuwa nyingine. Naelewa kwa nini uliliweka. Ulitaka mateso yake yaonekane. Lakini mwili usio na alama unatesa zaidi. Mpe ngozi safi. Akiamka, akitazame kiganja kilichoungua jana yake, akikandamize kwa kidole gumba akitafuta maumivu ambayo anayakumbuka vizuri kabisa, na asiyapate. Hapo umelipa deni la mantiki, na hisia umeipata bure.

Jiulize pia vitu vya katikati, ambavyo si kumbukumbu tupu wala si mwili mtupu. Ujuzi, kwa mfano. Katika filamu ya Groundhog Day ya mwaka 1993, mtangazaji wa hali ya hewa aliyenaswa kwenye siku moja anajifunza piano mpaka anakuwa fundi, ingawa kila asubuhi vidole vyake ni vya mtu asiyewahi kuigusa. Tunakubali, kwa sababu tunauhesabu kama sehemu ya uongo uleule mmoja. Hofu je? Mwili wa Salma umelala usingizi mzuri wa Jumatatu usiku, moyo unadunda polepole, misuli imelegea, na ndani yake anaamka mtu ambaye sekunde moja iliyopita alikuwa ameshika maiti. Mwili unasema kuna amani, akili inasema kuna msiba. Sijaona sentensi hata moja ya jambo hilo kwenye mswada wako, na ni jambo linalompata kila asubuhi.

Kisha kuna karatasi. Karatasi haivuki. Hapa waandishi wengi wanapita mbio. Mimi nakaa, maana ndipo penye mali. Salma hawezi kuandika chochote kikamsubiri kesho yake. Saa ya lori, namba ya simu ya dereva, jina la mtu aliyesimama kwenye kona, yote lazima ayabebe kichwani, na kichwa cha binadamu kinavuja. Wewe umempa kumbukumbu ya mashine: Jumanne ya 20 anakariri maneno aliyoyasikia Jumanne ya 2 bila kukosea silabi. Mwache akosee. Mwache achanganye Jumanne ya 6 na ya 9, amjibu mtu swali ambalo leo bado hajaulizwa.

Na zaidi ya yote, mwache aisahau Jumatatu.

Fikiria. Kwa kila mtu anayemzunguka, Jumatatu ilikuwa jana. Kwa Salma, kufika Jumanne ya 23, Jumatatu iko zaidi ya wiki tatu nyuma. Ungemfikisha ya 200 ingekuwa zaidi ya nusu mwaka. Anaamka kila siku ndani ya matokeo ya usiku ambao haukumbuki tena. Funguo ameziweka wapi? Jana yake aliahidi nini? Jaribu kitu kama hiki:

"Umelifikiria lile nililokwambia jana?" Yusufu aliuliza.

Salma aliibana simu kwa bega. Jana alimzuia mlangoni kwa mikono yake yote miwili, wakasukumana, na akafa hata hivyo. Lakini hiyo haikuwa jana ya Yusufu. Jana ya Yusufu ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu walizungumza jambo. Jambo gani?

"Bado nalifikiria," alisema.

"Haya. Ila usinicheleweshe, dada. Sijamwambia mtu mwingine."

Hakuna damu hapo, hakuna lori. Mdogo mtu alimpa siri, pengine kubwa kuliko zote alizonazo, na dada ameipoteza katika kuhangaika kumwokoa. Msomaji wako wa kwanza ataruka hapo hapo: si amuulize tu, kesho Yusufu hatakumbuka kwamba aliulizwa? Kweli, anaweza. Atauliza, na atasikia sauti ya Yusufu ikinyong'onyea: "Umesahau?" Kesho yake sauti hiyo itakuwa imefutwa duniani kote isipokuwa kwenye masikio ya Salma. Unaona jinsi tundu la mantiki lilivyogeuka kuwa tukio? Ndiyo maana nasema usiwatenganishe hao wasomaji wawili.

Hesabu ya siku nayo uifanye kweli. Mizunguko 23 ni siku 23. Katika siku 23 Salma ameona vifo 23, hakuna aliyezikwa, hakuna matanga, hakuna mtu aliyemwekea mkono begani, na kila asubuhi marehemu anampigia simu. Hiyo si huzuni ya kawaida, na huwezi kuiandika kwa ngazi ya kawaida ya huzuni. Naona umemtoa kwenye kukana, ukampeleka kwenye hasira, kisha kujadiliana na Mungu, kisha sononeko, na sasa uko njiani kuelekea kukubali. Ngazi hiyo ni ya Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, ni ya mwaka 1969, na aliijenga kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, si wafiwa. Waandishi wameichukua wakaifanya ratiba ya treni. Salma yuko kwenye hali ambayo hata neno msiba haliitoshi: hawezi kumwomboleza mtu aliye hai, na hawezi kumfurahia mtu ambaye jioni atakuwa amekufa. Atafanya vitu vya ajabu. Atamkasirikia Yusufu kwa kufa. Siku moja atakwepa simu yake. Siku nyingine atacheka, kwa sababu mtu hawezi kubaki kwenye kilele cha hofu wiki tatu mfululizo; mazoea humshika kila mtu, hata mwenye mapenzi makubwa.

Na hapo ndipo machozi uliyoyapoteza yamejificha. Msomaji ameacha kulia? Mfanye Salma naye aache kulia, kisha msomaji amwone Salma akijigundua. Chukua Jumanne ya 15, ambayo kwenye mswada wako ni kimbio lingine la kuelekea kwenye kona, uifute yote, uweke hivi:

Saa 10 kasoro dakika mbili Salma alikuwa akikunja nguo. Alisikia breki, kisha ule mlio, kisha ukimya wa pumzi tatu, kisha watu. Alimaliza shati lililokuwa mkononi. Alipokuwa anainyoosha kola ndipo alipoona kwamba lilikuwa la Yusufu.

Yusufu atarudi asubuhi. Ile dakika ambayo dada yake hakuinuka haitarudi, maana imevuka na kumbukumbu. Msomaji aliyekuwa anaruka kurasa atasimama hapo, nakuhakikishia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuinuka. Alikuwa anakunja nguo pamoja naye.

Sasa lori, ambalo limekula nusu ya ukurasa wa msomaji wa kwanza. Jumanne ya 7 Salma anaziba barabara, dereva anakwama saa nzima, na bado saa 10 kamili lori liko kwenye kona. Jumanne ya 12 anamfungia Yusufu chumbani, naye anateleza, anagonga kichwa, anakufa saa 10. Jumanne ya 16 Salma anatoka nyumbani dakika tano mapema na kila kitu kinageuka: jirani hayupo, dereva ni mwingine, hata mvua haikunyesha. Hizo ni Jumanne tatu zenye sheria za dunia mbili. Kwenye ya kwanza na ya pili kifo ni mdai, kitamfuata Yusufu popote. Kwenye ya tatu dunia ni nyepesi kiasi kwamba hatua moja ya Salma inaipindua yote.

Chagua. Ukichagua dunia ya majaliwa, riwaya yako inauliza jinsi mtu anavyoishi na jambo asiloweza kulizuia, na mbinu za kuziba barabara zinatakiwa ziishe mapema, msomaji asidanganywe kwamba ipo mbinu. Ukichagua dunia ya bahati, riwaya inauliza Salma atajifunza nini na kwa gharama gani, na hapo kila kushindwa lazima kuwe na sababu inayoonekana: alichelewa dakika, alimwamini asiyestahili. Zote mbili zinaandikika. Ukizichanganya, msomaji anauona mkono wako ukilisukuma lori, na mkono wa mwandishi ukishaonekana hakuna kifo kinachotisha tena.

Mimi ningechagua bahati, kwa kuwa Salma wako ni mtu wa kupanga mambo na majaliwa yatamfanya akae tu. Lakini hilo ni lako.

Kwa vyovyote, andika kwanza ninayoiita siku mama. Ni Jumanne ambayo Salma hainuki kitandani kabisa. Chukua karatasi kubwa, andika saa kwa saa: dereva anaamka saa ngapi, anapakia nini, anasimama wapi, Yusufu anatoka kwa nini na anavuka upande upi, jirani anafanya nini. Siku hiyo haitaingia kwenye kitabu. Ila kila Jumanne nyingine ni siku mama pamoja na alichokigusa Salma, na alichokigusa kinaenea kutoka kwake kama duara majini: kwanza aliyeongea naye, kisha aliyecheleweshwa na huyo, na kuendelea. Mahali ambapo duara halijafika, mambo yabaki yaleyale hadi mwisho. Mvua haikumsikia Salma akifungua mlango. Inyeshe.

Msomaji huyohuyo ameuliza mbona Salma hamwambii mtu. Umemjibu, kwa mdomo wa Salma, kwamba "wataniona kichaa". Jibu hilo linafaa Jumanne ya 2. Halifai ya 23, kwa sababu akionekana kichaa leo, kesho hakuna atakayekumbuka. Kusema hakumgharimu kitu, kwa hiyo atasema. Lazima aseme. Na ukimruhusu, utapata mlolongo ambao hadithi hizi pekee ndizo zinaweza kuutoa: mara ya kwanza kumshawishi Yusufu kunachukua mchana kutwa, machozi, matusi, mpaka anaamini na muda umekwisha. Mara ya nne inachukua nusu saa, kwa kuwa Salma anajua maneno yapi yanamgusa. Mara ya kumi, dakika nne. Anamshawishi mdogo wake kama mtu anayefungua kufuli, na anajua kwamba anafanya hivyo. Yusufu anadhani wanazungumza, Salma anabonyeza. Hilo nalo halizoleki.

Katika hiyo filamu ya 1993 mhusika anakusanya habari za mwanamke siku baada ya siku, kinywaji anachokipenda, maneno anayoyapenda, kisha anamletea yote kwa siku moja kama muujiza. Anaambulia vibao vya uso, usiku baada ya usiku. Mwanamke hakumbuki chochote, lakini anahisi kwamba amepangiwa. Uamuzi huo wa waandishi ni wa akili sana. Wangeiacha hila ifanye kazi, watazamaji wangemchukia mhusika, au vibaya zaidi, wangempigia makofi. Salma akitumia alichokijua kwenye Jumanne iliyofutwa, mtu aliye mbele yake hakumpa ruhusa hiyo leo. Si lazima uhubiri. Inatosha Yusufu aseme, "Unajuaje hilo?" na Salma akose jibu la kweli analoweza kumpa.

Mizunguko ni mingi mno, nadhani umekwisha kulihisi. Onyesha sita au saba. Nyingine zipite kwa aya, kwa sentensi, kwa namba tu. Mzunguko unastahili sura yake ikiwa ndani yake Salma amejua jambo jipya au amepoteza jambo. Kuhusu marudio ya asubuhi, una ule mlango wa jirani unaobamizwa saa 12:10. Unautumia vizuri mara mbili, kisha unaurudia kwa maelezo yaleyale mara tisa zaidi. Mara ya kwanza mpe aya. Mara ya pili sentensi. Mara ya tatu: "Mlango." Mara ya nne Salma aukunjie uso kabla haujalia. Baada ya hapo usiutaje tena mpaka utakapouhitaji, na utauhitaji.

Idadi kamili ya siku huna lazima ya kuitoa. Filamu hiyo haisemi popote ni siku ngapi. Mwongozaji wake, Harold Ramis, aliwahi kukadiria miaka 10, baadaye akasema ni zaidi, 30 au 40. Asiyejua hesabu ni mtazamaji. Kwenye vidole vya mpiga piano unaona kwamba ni muda mrefu, basi. Ila wewe mwenyewe uijue, kwa sababu ya ile Jumatatu.

Tufike kwenye kutoka. Hujaandika mwisho na umeniambia unasita kati ya mambo mawili: Salma agundue chanzo cha mzunguko, au Salma awe mtu mwema zaidi na siku ifunguke. La kwanza, usijisumbue sana. Kwenye rasimu mojawapo ya Groundhog Day kulikuwa na sababu, mpenzi wa zamani aliyemtupia laana. Ikatolewa, na hakuna aliyeikosa. Hadithi ya familia haihitaji mtambo wa kuueleza mzunguko. Hadithi ya vita inaweza kuuhitaji: Hiroshi Sakurazaka, kwenye riwaya yake All You Need Is Kill ya mwaka 2004, anaeleza chanzo wazi, kinatokana na namna adui alivyoumbwa. Kama hujaisoma ruka sentensi inayofuata, maana natoboa mwisho. Maelezo hayo ya kimtambo ndiyo yanayofanya askari, ili atoke, alazimike kumuua mtu pekee duniani aliyewahi kumwelewa. Angalia: chanzo kimeelezwa kwa sababu chanzo ndicho kinachodai malipo. Kama maelezo yako hayadai kitu, yaache gizani.

La pili linanitia wasiwasi zaidi. Salma kuwa mwema na mlango kufunguka ni mtihani, na mtihani una msahihishaji. Nani huyo? Amekuwa akimuua kijana mara 23 ili dada yake ajifunze upole? Wasomaji hawatauliza kwa maneno hayo, lakini watafunga kitabu na ladha mbaya mdomoni. Mara nyingi kinachoridhisha ni kwamba mhusika anaacha kuitumia siku kama chombo. Siku ya mwisho ya mtangazaji yule haina hila yoyote ya kutoka. Anaishi tu, kama vile kesho ipo, na ipo. Kwa Salma hilo linaweza kuwa Jumanne ambayo kwa mara ya kwanza anamwambia Yusufu ukweli wote bila kubonyeza chochote, pamoja na kwamba amelisahau lile la Jumatatu, kisha anamwachia Yusufu mwenyewe aamue atatoka au hatatoka. Akiokoka, iwe kwa uamuzi wake. Asipookoka, iwe mara hii tu ambayo haizoleki, na hapo msomaji wako wa pili atalia, kwa sababu umemrudishia sheria aliyokuja nayo.

Kisha kuna Jumatano, ambayo naona hata hujaifikiria. Saa 12:10 mlango wa jirani haubamizwi. Salma amekaa kitandani, anasubiri sauti ambayo haiji. Simu ikilia hajui atakayeongea atasema nini. Wiki tatu na zaidi amekuwa akijua kila sentensi kabla haijasemwa. Kama ni Yusufu, huyo Yusufu anakumbuka Jumanne moja tu. Hatamshukuru dada yake kwa zile nyingine, hawezi hata kuzijua. Salma ataanza kumwambia jambo walilocheka pamoja Jumanne ya 18 na atakatisha katikati.

Anza rasimu ya pili hapo, kwenye Jumatano. Andika kurasa zake tano au sita hata kama ni mbaya, uone Salma amebaki na nini na hana nini tena. Ukishajua, rudi nyuma uviweke vitu hivyo kwenye mizunguko inayostahili kubaki. Siku mama iandike sambamba. Na kovu la sura ya 9 lifute leoleo.